Kengele ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Julai 1977

Leo mkamwana wangu amejificha bandani kwa kuku. Mara ya tatu tangu jana.

Nieleze kwa utaratibu. Nina cheti cha Elimu ya Watu Wazima, hatua ya nne, na mwalimu alituambia anayeandika bila utaratibu ni sawa na anayeinjika chungu kabla ya kuwasha moto.

Mwanangu Asukile ni fundi wa ishara kwenye reli mpya, stesheni ya Makambako. Treni nzima, mabehewa na mizigo yake, inasimama kwa sababu Asukile amesema isimame. Hili nimelisema kanisani, sokoni na kwenye foleni ya unga, na nitaendelea kulisema. Kule Makambako analala chumba kimoja na mafundi wenzake wawili, kwa hiyo mwezi uliopita alimleta mkewe Severina akae nami. Severina ni binti wa Kihesa, Iringa. Mpole, mcheshi, anapika vizuri karibu kama mimi. Mimba yake iko mwezi wa tisa. Mjukuu wangu wa kwanza.

Shida ni adabu. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Akija huyu, yule anapisha. Wengi mjini wameacha. Baba Asukile hajaacha. Ni mzee wa kanisa, anasema Bwana Yesu alifuta dhambi, heshima hakuifuta. Sawa. Lakini nyumba hii ina ukumbi mmoja mwembamba, na jiko liko nyuma, choo kiko nyuma, na yeye ana kibofu cha mtu wa miaka sitini.

Desturi ni mwanamume akohoe akikaribia. Kijijini inafaa. Hapa Mbeya ni Julai, baridi inashuka kutoka mlima Loleza, kila mtu anakohoa. Severina ameshamkimbia muuza maziwa, mwalimu wa kwaya, na mbuzi wa jirani yangu Damari, ambaye naye ana mafua.

Leo alitoka bandani na manyoya kichwani. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema polepole, "Mama, labda nikajifungulie nyumbani." Kwao baba yake anakula sinia moja na wake za wanawe, hakuna anayekimbilia kwa kuku.

Mama yake, Leokadia, ameshaandika barua tatu za kumwita. Tatu. Ya mwisho amechora na ua.

Mimi nimeshawatangazia kina mama wa kwaya kwamba mjukuu anazaliwa Mbeya. Kwa hiyo atazaliwa Mbeya.

Jumanne, 5 Julai

Sikulala, nikawaza. Alfajiri jibu likaja lenyewe.

Asukile aliwahi kunieleza. Treni ikiwa bado mbali, inakanyaga mahali fulani kwenye reli, kengele inalia ofisini, watu wanajiandaa. Hakuna anayesubiri treni ikohoe.

Nyumba yangu haishindwi na stesheni.

Nikaenda Sokomatola kwa Tadeo, fundi redio. Nikamwambia nataka lango liwe na jicho, na jicho liwe na sauti. Akaniuliza nimelindwa na nani hadi leo. Nikamwambia na Mungu, lakini Mungu hapigi kengele. Tadeo ni kijana wa maneno machache. Akakuna kichwa, akasema inawezekana.

Jicho nimelipata mwenyewe. Kioo cha pembeni cha lori lililopinduka mwaka juzi, kwa muuza vyuma chakavu. Kikubwa kama sinia. Nimekifunga kwenye mti wa mfyulisi karibu na lango. Ukikaa kwenye kigoda pale jikoni unaona lango lote, na nani anakuja, na amebeba nini. Severina amekaa, akatazama, akapiga makofi. Akasema kumbe mtu anaweza kuwaona wageni kabla hawajamwona. Nikamwambia ndiyo maana mume wake ana akili, zimetoka mahali.

Damari amechungulia juu ya ua akauliza kama nimenunua lori. Nikamjibu tumeanza na kioo.

Jumatano, 6 Julai

Tadeo amekuja na waya, betri nne za tochi na kengele aliyoitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga. Chini ya lango ameweka ubao. Ukiukanyaga, kengele inalia jikoni.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Severina alikuwa amefungua redio, muziki wa dansi, hakusikia kitu. Nikapita mara saba langoni kama mwendawazimu.

Hapo ndipo mtu mwenye cheti anajulikana. Nikamwambia Tadeo aiunganishe redio nayo kwenye waya uleule. Mtu akikanyaga ubao, redio inyamaze kwanza, ndipo kengele ilie. Tadeo akasema haijawahi kufanyika. Nikamwambia hata reli haikuwahi kupita hapa.

Saa kumi ikafanyika. Kioo kinaona, ubao unahisi, redio inanyamaza, kengele inasema. Vinne, na vyote vinasikilizana kuliko wazee wa kanisa. Severina amepata muda wa kuinuka, kujinyoosha, kuchukua karanga zake na kwenda stoo bila haraka.

Baba Asukile sijamwambia. Angesema nyumba si stesheni.

Amerudi jioni kutoka kwenye cherehani yake sokoni. Alikuwa anawahi taarifa ya habari. Alipoweka mguu langoni, redio ikazima. Akasimama kusikiliza vizuri, bado yuko juu ya ubao. Kimya. Akaingia ndani, redio ikaendelea, habari zimekwisha. Akaniuliza kama redio ina jambo naye.

Nikamwambia ni baridi.

Alhamisi, 7 Julai. Sabasaba

Sikukuu. Wageni, watoto, kwaya, mbuzi wa Damari mara nne. Kengele imelia tangu asubuhi. Severina ameshinda stoo, amekaa juu ya gunia la unga, anatoka amepauka unga kama mtu wa kinu. Kioo angeweza kukitazama kwanza, lakini anasema kengele ikilia miguu yake haisubiri macho.

Baba Asukile ameketi nje na redio ameibana sikioni, waya wake anadhani ni wa kuvuta mawimbi. Kila mgeni anapoingia, redio inazima. Alimwambia mwalimu wa kwaya kwamba asije mara kwa mara, anaharibu mawimbi.

Na shida nyingine nikaiona. Mfumo unamwambia Severina kwamba mzee anakuja. Haumwambii mzee kwamba Severina anapita. Mtu mjamzito anakwenda choo kila nusu saa, na ukumbi ni mmoja.

Kwa hiyo jioni nimemweleza Baba Asukile kila kitu. Nilijiandaa kwa hasira. Yeye akaniomba nimwonyeshe ubao. Akaukanyaga, akasikiliza. Akaukanyaga tena. Akasema taratibu kwamba miaka thelathini na mitano amewakoholea wakamwana wa ukoo mzima hadi mapafu yamechoka, na hakuna aliyefikiria kengele.

Amekubali. Kesho Tadeo anaweka kidude cha kubonyeza jikoni, na kengele ya pili ukumbini. Severina akibonyeza, maana yake napita. Baba Asukile anaingia stoo ndogo na kufunga mlango hadi hatua zipite.

Baadaye nimemwona amesimama langoni peke yake, anakanyaga ubao kwa ncha ya kiatu. Anatabasamu kama aliyepewa cheo.

Ijumaa, 8 Julai

Maafa.

Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Severina anabonyeza, mzee anaingia stoo. Mzee anakanyaga, Severina anaingia stoo kubwa. Walipishana mara tisa bila kuonana hata kisigino. Nikatoka kwenda kumweleza Damari jinsi nyumba za kisasa zinavyoendeshwa.

Saa nane Baba Asukile anarudi kutoka kwa kinyozi. Anafika kwenye mfyulisi, bado hajafika kwenye ubao. Anaona kioo kizuri, kikubwa. Anavua kofia atazame alivyonyolewa.

Ndani ya kioo kuna mkamwana, kwenye kigoda, anatafuna udongo wa kichuguu, anamtazama usoni.

Kofia ilianguka. Severina akapiga ukelele na udongo mdomoni. Mzee akageuka nyuma, akakanyaga ubao kwa kisigino, redio ikazima, kengele ikalia, mbuzi wa Damari akakimbia.

Kumbe kioo unachomwonea mtu, naye anakuonea humohumo. Hatua ya nne hawakutufundisha hilo.

Mzee alikaa nje ya lango kwa saa mbili, ameupa ua mgongo. Nilimpelekea chai huko. Anasema amemwona. Nikamwambia ameona kioo. Anasema kioo kilikuwa na mkamwana. Nikamkumbusha picha ya harusi iko sebuleni mwaka mzima, anamwona mle kila siku na hajawahi kukimbia. Akapuliza chai. Kisha akasema wa kwenye picha hapepesi macho.

Anasema jambo hili litapelekwa kwa kaka yake Alinanuswe, Tukuyu, pamoja na jogoo.

Severina amelia. Si kwa aibu tu, amechoka. Amesema hapa anaishi kama panya mwenye kengele. Maneno hayo yamenichoma, kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu kengele ilikuwa yangu. Ameandika simu ya maandishi kwenda Kihesa, nami nimempeleka posta kwa mkono wangu, nikimshika asijikwae kwenye mawe.

Jumamosi, 9 Julai

Jibu limefika. Leokadia anakuja Jumanne na basi la asubuhi, anamchukua mwanawe.

Nimekigeuza kioo kisiangalie jikoni. Sasa kinaangalia jiko la Damari. Sikuwa na nia hiyo. Nimekaa kwenye kigoda robo saa tu, kuhakikisha hakitikisiki. Damari anaweka magadi mengi mno kwenye maharage. Nilikuwa nashuku miaka mingi.

Severina anapanga nguo kwenye kikapu. Nguo za mtoto anazikunja ndogo ndogo, nyeupe, nilizozifuma mimi. Nikaomba nibaki hata na soksi. Akanipa zote mbili.

Jumapili, 10 Julai

Kanisani kina mama wameniuliza mjukuu lini. Nikasema Mungu ndiye mwenye siku. Wakashangaa, hawajawahi kunisikia nikimwachia Mungu jambo.

Baba Asukile ana mafua makali, hakuhubiri. Anakohoa usiku na mchana. Severina kule stoo kila kikohozi, ingawa mzee yuko kitandani. Mazoea.

Jumatatu, 11 Julai

Nimekaa sasa. Nitaandika polepole. Nimeyasikia kwa mzee na kwa Severina, na kwa dereva, na kwa Damari ambaye aliona yote juu ya ua bila kioo.

Asubuhi nilikwenda Sokomatola kutafuta mchele wa Kyela, maana Leokadia asije akasema Mbeya tunakula makande. Nyumbani nikawaacha wawili, mzee na mafua yake sebuleni, Severina na kikapu chake jikoni.

Saa nne kengele ya ukumbini inalia. Mzee, mtu wa adabu, anachukua blanketi lake, anaingia stoo ndogo, anafunga mlango. Anasubiri hatua. Hatua hazipiti. Anatoka.

Kengele inalia. Anarudi stoo.

Inalia tena yumo humo humo. Anasogea nyuma ya magunia ya unga, labda kisigino kinaonekana. Inalia tena. Anajifunika blanketi. Aliniambia mwenyewe kwamba alipofika kengele ya saba alisema moyoni, mtoto huyu leo ana safari nyingi.

Ya nane ikalia bila kukatika. Hapo akakumbuka kwamba Asukile aliwahi kumwambia, kengele ya stesheni isiyonyamaza haisemi treni inakuja. Inasema kuna jambo kwenye njia.

Akautazama ukuta wa upande wa jikoni. Akaukoholea. Kisha mzee ambaye hajawahi kusema neno na mke wa mwanawe akauuliza ukuta, kwa sauti ya kanisani, "Unayebonyeza, unapita au unaita?"

Ukuta ukajibu, "Baba, mtoto."

Ni maneno yao ya kwanza duniani. Nimemwomba ayarudie mara tatu.

Alitoka stoo akiwa mweupe unga kichwa hadi viatu, blanketi limemning'inia, akaruka ua wa Damari. Akaruka. Mtu wa miaka sitini mwenye mafua. Damari alidhani ni mzimu wa baba mkwe wake, akapiga magoti. Mumewe Saulo ana Land Rover ya kubebea viazi. Mzee akasema washa. Saulo akauliza kuna nini. Mzee akasema washa, tutaulizana njiani.

Severina wakampakia mbele. Baba Asukile akakaa nyuma juu ya viazi, amewapa mgongo, anatazama barabara ikirudi. Kioo cha ndani alimwamuru Saulo akigeuze juu. Saulo aliendesha hadi hospitali anatazama dari, anasema. Na kila shimo mzee alikuwa anapaza sauti nyuma, "Ukuta, upo?" Na mbele Severina anajibu, "Nipo, Baba."

Hospitali nesi akamuuliza ameleta nani. Akasema mke wa mwanangu. Yupi kati ya hawa watano? Akaelekeza kwa mgongo.

Mimi nilipata habari sokoni. Mchele niliuacha mezani kwa muuzaji, nikakimbia na mizani mkononi. Nimeirudisha jioni.

Saa tisa alasiri amezaliwa msichana. Ana kidevu cha Asukile, ambacho ni changu. Amezaliwa Mbeya. Naandika tena: Mbeya.

Baba Asukile alikuwa nje kwenye benchi, ameelekea ukutani. Nilipomwambia, hakugeuka. Mabega tu yalikuwa yanatetemeka. Akasema ni mafua.

Jumanne, 12 Julai

Leokadia amefika na vikapu viwili na mwavuli. Nilikuwa nimepanga maneno. Akashuka kwenye basi akasema, "Kamwene, mkwe wangu," akanikumbatia hadi kilemba changu kikaanguka, akalia shingoni kwangu, akasema asante kwa mwanangu. Maneno yote yakapotea. Nikajikuta nami nalia. Tukalia stendi nzima, makuli wakatupisha na mizigo.

Ni mwanamke mzuri. Anaongea sana, lakini ni mzuri.

Mtoto ataitwa Tusekile, maana yake tumefurahi. Jina la Kinyakyusa. Leokadia amekubali, kisha akaongeza kwamba la ubatizo litakuwa Regina, la mama yake yeye. Nimekubali. Kila mtu ataliita la kwanza.

Jumatano, 20 Julai

Severina yuko nyumbani na mtoto. Baba Asukile amepokea neno la kaka yake kutoka Tukuyu. Alinanuswe anasema kuonana kwa kioo hakujulikani kwenye mila, hivyo hakuna adhabu inayojulikana, lakini jogoo alete.

Kutazamana bado. Ila sasa wanazungumza. Kila jioni mzee anakaa ukumbini, Severina jikoni, ukuta katikati. Anamuuliza, "Ukuta, umekula?" Naye anajibu, "Nimekula, Baba." Jana walibishana nusu saa nzima kama kande za Iringa ni bora kuliko za hapa. Niliwasikia wakicheka. Mjukuu wanapitishiana kwangu, mimi ndiye mlango.

Sasa Baba Asukile anasema kengele ing'olewe, ukuta unatosha. Redio yake anaitaka nzima, imwambie habari hadi mwisho. Kioo nirudishe. Nyumba si stesheni.

Nimemwambia sawa. Severina naye akanishika mkono akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Mama, ndaga fijo kwa yote, lakini tupumzike na mitambo." Sawa. Nimeelewa kabisa. Mtu mzima anajifunza. Tadeo amekuja ameng'oa vyote, na waya ameuviringa vizuri.

Waya nimeuweka chini ya kitanda, usipigwe na mvua.

Jumamosi, 30 Julai

Wameondoka leo asubuhi, Severina, Tusekile na Leokadia, kwenda Kihesa, miezi mitatu ya kumpumzisha mzazi. Ndivyo inavyotakiwa. Leokadia aliniomba ruhusa kwa heshima, nami nikampa kwa heshima. Basi lilipogeuza kona Baba Asukile aliitazama barabara muda mrefu. Njiani kurudi aliuuliza ukuta wa nyumba ya mtu kama wamekula.

Nyumba kimya. Nimekaa jikoni. Nikawaza, mtoto akilia Kihesa, mimi nitajuaje? Leokadia anasinzia mapema, nimemwona.

Suala ni dogo. Asukile yuko Makambako, na Makambako iko katikati ya safari. Stesheni ina waya tayari. Nimemwandikia barua: atoe waya kutoka kwake hadi kitanda cha mtoto, mimi nitatoa kutoka hapa hadi kwake. Tusekile akilia, redio ya Baba Asukile inanyamaza, kengele ya kopo inalia, nami nampigia Leokadia simu ya maandishi imwamshe. Kidude cha kubonyeza nimekitia kwenye kikapu cha Severina, chini ya nepi. Atakishangaa, kisha atashukuru.

Tadeo anasema haiwezekani, ni kilomita mamia. Alisema hivyohivyo kuhusu redio.

Nimepima waya uliobaki. Unafika hadi banda la mbuzi wa Damari.

Iringa iko upande huohuo.